Siku Iliyokatwa Bila Pindo

Jina la Mama Kengele hakujipa mwenyewe. Walimpa majirani, na walimpa kwa haki, kwa sababu tangu alipoanza kuwasomesha wanawe nyumbani, mtaa mzima ulijua kipindi cha Hisabati kinaanza lini na kinakwisha lini. Kengele yenyewe ilikuwa ile ndogo ya kaunta, ya kubonyeza kwa kiganja. Aliipata kwa mwenye hoteli mmoja aliyefunga biashara, ndani ya furushi la mapazia ya kufumuliwa. Mapazia aliyafumua, akayashona upya, akayauza. Kengele akaibakiza, akaiweka ukingoni mwa meza ya cherehani, na kila kipindi kilipokwisha aliibonyeza, ting, na muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara akasema, bila hata kuinua macho, "Haya, Mama Kengele kaingia Jiografia."

Alikuwa fundi wa mapazia. Nguo za watu alikwisha kuziacha zamani, maana watu hunenepa kisha wakamlaumu fundi, na dirisha halinenepi. Sebule yake ndiyo ilikuwa karakana, na sasa ndiyo ikawa darasa: upande mmoja cherehani na marobota ya vitambaa, upande mwingine meza ndefu ya kukatia, ambayo asubuhi ilipanguswa chaki na vipande vya nyuzi ili iwekwe madaftari. Kati ya pande hizo mbili, toka ukuta hadi ukuta, alikuwa na bomba la kutundikia mapazia ayatazame yanavyoanguka kabla hayajaenda kwa mwenyewe. Juu ya mlango wa barazani ilikaa saa ya ukutani, isiyo na kioo tangu ilipopigwa na mpira, mishale yake wazi kama mikono ya mtu anayeomba kubebwa.

Zamani, alipokuwa mwanafunzi, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Lakini walimu walimpa kazi ya kugonga kengele ya shule, na hakuna kazi aliyoipenda hivyo tena maishani, hata ya ndoa, kama alivyopenda kumtania mumewe. Mkono mmoja mwembamba wa msichana, na shule nzima inatoka mbio. Hilo halimtoki mtu.

Watoto aliwatoa shule kwa sababu ya yule wa kati, mvulana mwembamba waliyemwita Njiti. Tumbo lilimuuma kila asubuhi, hospitali ikapima isione kitu, na Jumamosi na Jumapili tumbo hilohilo likawa zima kama la mtu mwingine. Shuleni walikuwa wamebanana dawati moja hata wa pembeni wakaandika wakiwa nusu hewani. Alipomtoa Njiti, dada yake mkubwa, aliyeitwa Wakili kwa ubishi wake, akasimama katikati ya sebule akadai naye ana tumbo. Kitinda, mtoto wa kike wa mwisho, hakutoa hoja yoyote. Siku ya kwanza alijificha tu chini ya meza ya kukatia, wakamhesabu naye.

Baba yao, fundi wa majokofu, mtu asiyependa ugomvi ila na kompresa, alikubali kwa majaribio. Aliyekataa alikuwa dada yake.

Huyo wifi alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya bweni, mwenye sauti ya kufikia mstari wa nyuma na saa ya mkononi aliyoitazama kama watu wengine wanavyotazama simu. Alikuja mara moja mwanzoni, akaiona ratiba mpya ukutani, imepigwa mistari kwa chaki ya cherehani ya rangi tatu, akatabasamu.

"Nzuri, wifi," akasema. "Lakini ratiba hata ukuta unaweza kuwa nayo."

Kisha akamwambia kaka yake, huku akivaa viatu, kwamba atarudi muhula ukiisha awapime watoto mwenyewe, na wakishindwa, bwenini kwake kuna vitanda vitatu. Fundi majokofu akajikuna shingo. Akasema haya, tuone. Na mkewe akajua kwamba katika "tuone" hiyo ndimo walimokuwa watoto wake wote watatu, na masanduku yao.

Basi ratiba ikaanza kunenepa. Ilianza na Hisabati, Kusoma na Mwandiko. Baada ya maneno ya wifi ikaongezwa Sayansi, Historia, Jiografia, Uchoraji, Mazoezi ya Viungo, na kipindi kinachoitwa Adabu ambacho hakuna aliyejua kinafundishwa nini, hata mwalimu. Ikaongezwa Kutafakari, ambapo watoto walifumba macho na mama yao akawahi kutia uzi. Ikaongezwa hata Maswali. Kitinda alipouliza kwa nini paka hukunja mkono akilala, aliambiwa swali hilo aliweke, Maswali ni mchana. Mchana ulipofika, paka alikwisha kuamka na Kitinda alikwisha kusahau.

Simu ikafungiwa kwenye droo ya nyuzi hadi masomo yaishe, kwa kuwa ndivyo ratiba ilivyosema. Wateja wakapiga wakachoka. Na kwa kuwa kila kitu kipya lazima kipate mahali, vya zamani vikapunjwa. Kilichopunjwa zaidi ni chai, ile ya katikati ya asubuhi, baada ya Hisabati. Hapo mwanzo chai ilikuwa na nafasi pana. Mama alikuwa akivuta kigoda, anakaa na watoto, anawasimulia habari za watu aliowashonea: mzee aliyetaka mapazia chumba kisicho na dirisha, bi harusi aliyerudisha pazia kwa sababu linamwona. Sasa chai ikawa ya kunywa kwa kusimama, kikombe mkono mmoja, sindano mkono mwingine.

Ndipo mambo ya ajabu yalipoanza.

Alikuwa na mazoea ya kushona pindo la pazia moja watoto wakiwa kwenye Hisabati. Mkono wake ulikijua kipimo hicho: pindo likiisha, Hisabati imekwisha. Ghafla likawa haliishi. Anainua macho, pindo liko nusu, na saa ya ukutani inasema kipindi kimepita. Akalaumu cherehani, akaitia mafuta. Akalaumu sindano, akabadilisha. Akanunua miwani kwa mchuuzi wa barabarani, miwani ambayo ilimwonyesha uzi vizuri sana lakini haikuongeza pindo. Alipomweleza mumewe, mumewe akasema kwa upole labda ni umri. Jioni ile fundi majokofu alikunywa chai isiyo na sukari na hakuuliza.

La ajabu zaidi, chai iliyokuwa ya mkupuo ikawa haina mwisho. Alimaliza kikombe, akasimulia kisa hadi mwisho wake, akatazama saa, na bado dakika zilikuwepo, zimekaa zinamngoja. Alishukuru akakaa nazo. Mtu akiokota kitu kizuri njiani, mara nyingi hapendi kuuliza sana ni cha nani.

Siku moja, Hisabati ikiendelea, alikwenda jikoni kutia maji kwenye birika kama kawaida, akakumbuka miwani. Akarudi peku. Mlango wa jikoni ulifungukia nyuma ya bomba la mapazia, na siku hiyo bombani zilibanwa pande mbili za kitambaa cha ndege weupe, oda ya daktari wa meno, hazijawekwa hata pete. Alipokuwa nyuma yake akasikia kunong'ona, naye akasimama.

Kupitia mwanya kati ya pande mbili za ndege aliwaona. Wakili yuko dirishani anachungulia uani, upande usiokuwa na mtu. Njiti kasimama chini ya saa, magoti yanatetemeka. Mabegani mwake kapanda Kitinda, ulimi nje kwa juhudi, mkononi ameshika rula ya mbao ya mita moja, rula ya mama yake mwenyewe ya kupimia mapazia, na kwa ncha yake anausukuma mshale mrefu taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Ishirini," Wakili akasema.

"Leo ishirini, halafu kwenye chai turudishe ishirini na tano," Njiti akasema kwa sauti ya mtu aliyebebeshwa. "Jana tulichukua ishirini tukarudisha kumi na tano. Tano bado ziko mbele. Baba akifika na saa yake atajua."

"Tano ndogo."

"Tano kila siku mpaka Ijumaa ni karibu nusu saa, Wakili. Hesabu basi."

Mama Kengele akaushika ukingo wa pazia akautia mdomoni. Njiti huyu ndiye aliyemwambia asubuhi hiyo, kwa macho ya huruma, kwamba hesabu za kutoa humletea kizunguzungu. Kicheko kilimpanda toka vidoleni. Ndege wa daktari wa meno wakatikisika wote, kundi zima, bila upepo. Sasa alijua hata kwa nini Kitinda kila siku alisahau kuleta sukari mezani hadi mama airudie jikoni.

Kisha Kitinda, kule juu, akasema lililommaliza kicheko.

"Chukueni nyingi. Nataka Mama akae."

Alirudi jikoni kimyakimya. Akagongagonga vifuniko kidogo ili wamsikie anakuja. Hakusema kitu siku hiyo. Aliisahau sukari mwenyewe, makusudi, akaenda kuichukua polepole, na alipokaa kwenye kigoda na chai yake alikaa kweli, sindano kaichomeka kwenye mto wake.

Mtu mzima mwenye busara angewaita watoto kesho yake akawasema. Yeye hakuwaita. Kesho yake aliwatuma wote watatu uani kuanua nguo, akapanda kigoda, akaurudisha mshale nyuma. Hisabati siku hiyo haikuisha. Kitinda alipandishwa mabegani mara moja, akapandishwa tena, na bado saa ilikuwa inasema ndiyo kwanza wameanza. Njiti aliitazama saa, akamtazama mama yake aliyekuwa anashona huku anaimba kwa pua, akatazama tena saa. Mama yao aliuliza kama kuna mwenye shida. Wakasema hapana.

Ikawa vita baridi kati ya kigoda na rula. Wao wanasukuma, yeye anavuta. Siku moja chakula cha mchana kililiwa asubuhi mno hata muuza mkaa akauliza kama kuna msafiri. Siku nyingine Kutafakari kulifuatwa na Kutafakari. Saa yenyewe, maskini, ikawa kama mtu aliyeolewa na familia mbili. Na fundi, kwa kufurahia ujanja wake, akapoteza umakini wa kazi: pete za pazia la daktari wa meno akazishona upande wa chini. Lilipotundikwa kule zahanati, ndege wote walikuwa miguu juu. Alikwenda kuomba radhi akiwa na uso wa mtu anayekwenda kung'olewa jino. Daktari akamlaza kwenye kiti cha wagonjwa, akakiinamisha nyuma, akamwambia atazame dirisha lililo nyuma ya kichwa chake. Kutoka pale ndege walikuwa wima wote, wanaruka. Daktari alidhani fundi amefikiria wagonjwa. Akamsifu. Fundi hakuona sababu ya kumvunja moyo.

Alirudi nyumbani anacheka peke yake barabarani, na mlangoni akamkuta mumewe na simu mkononi. Dada yake amepiga. Anakuja kesho asubuhi.

Kicheko kikaishia hapo mlangoni. Alikaa mezani mchana ule, akaibandua ratiba ukutani ili ainakili upya, safi, kwa kalamu, wifi asipate la kusema. Akailaza juu ya meza ya kukatia, akailainisha kwa viganja. Na mikono yake, bila kumuuliza, ikafanya inachofanya siku zote kikiwekwa kitu bapa mbele yake: ikashika ukingo wa chini ili ipinde pindo.

Pindo halikuwepo. Maandishi yalikuwa yamejaa hadi mwisho wa karatasi. Alipokunja kidogo chini, Maswali yakapotea. Akakunja juu, ikaenda Hisabati. Alijaribu pembeni, na pembeni ndiko kulikokuwa na chai.

Katika miaka yake yote hakuwahi kukata kitambaa bila kuacha cha kukunja chini na cha kukunja juu. Mwanafunzi wake wa kushona angekata hivyo, angemnyang'anya mkasi. Na siku za watoto wake alikuwa amezikata wazi hivi, ukingo kwa ukingo, nyuzi zinachomoza kila upande.

Akabonyeza kengele. Watoto wakaja wakiwa na madaftari ya Historia. Akawaambia wayaweke, walete vikombe. Wakatazamana, maana haukuwa wakati wa chai kwa saa yoyote, ya kweli wala ya uongo.

Alivuta kigoda. Akawauliza kwa upole ni dakika ngapi saa ile ya ukutani inadaiwa kwa sasa.

Kitinda akajificha nyuma ya kikombe. Njiti akasema zote ni za Wakili. Wakili akafungua kinywa kujitetea, na mama yake akawahi kukiri la kwake: kigoda, nguo za uani, yote. Wakili alibaki kinywa wazi. Hakuwa amefikiria kwamba mshitaki naye ana kesi.

"Wewe, Mama?" akasema hatimaye. "Na miwani ile?"

"Miwani nilinunua kwa sababu yenu. Mtanilipa."

Walicheka hadi Kitinda akamwaga chai. Kisha wakatoana hesabu kama watu wazima: ukiondoa zilizokwisha kurudishwa, wao wamesukuma mbele dakika ishirini na tano, mama kavuta nyuma arobaini. Hakuna aliyesimama kuirekebisha.

Halafu akachukua mkasi mkubwa, ule ambao hauruhusiwi kukata karatasi, akakata karatasi. Kila kipande kilijadiliwa. Adabu ilikwenda ya kwanza, bila mtetezi. Kutafakari kulifuata, Njiti akaungama kwamba alikuwa akilala. Historia, Jiografia na Sayansi zikaambiwa zipokezane, moja kwa siku. Maswali ndiyo yaliyochukua muda, kwa sababu Wakili alishikilia kwamba swali lisipewe kipindi, lije linapotaka, na mama aliona hoja hiyo ni nzito kuliko alivyopenda. Mwishoni akayanakili yaliyobaki kwenye kipande cha karatasi kisichozidi kiganja: kusoma na hesabu, kisha chai, kisha jambo moja tu. Mchana ni kazi za mikono. Pande zote za maandishi karatasi ilikuwa nyeupe.

Akaishika, na furaha ikamtoka usoni. Ilikuwa ndogo mno.

"Kesho shangazi yenu akiniuliza ratiba," akasema, "nitamwonyesha nini?"

"Mwonyeshe sisi," Wakili akasema.

"Mwonyeshe Wakili," Njiti akasema. "Mimi nitakuwa na tumbo."

Lakini alimtazama mama yake alipokuwa anasema hivyo, na haukuwa mzaha wote.

Wifi alifika asubuhi, amevaa kofia ya safari na sauti yake ileile. Aliwakuta watoto mezani wanasoma, kila mtu chake, Kitinda akiwa amelalia tumbo juu ya robota la kitambaa. Fundi majokofu alikuwa amechelewa kwenda kazini kwa makusudi. Alisimama karibu na mlango akijifanya anatafuta bisibisi.

Wifi akatazama ukutani palipokuwa na ratiba, akaona kile kipande.

"Imepata maji?" akauliza.

"Imepata mkasi, wifi," Mama Kengele akajibu.

Wifi akageuka. Akavuta kiti, akamwita Njiti, akaanza kumwuliza jedwali la kuzidisha haraka haraka, kama mtu anayerusha mawe. Njiti akameza mate. La kwanza alijibu, la pili akajibu, la tatu likakwama. Akashika tumbo. Mama yake aliliona lile tumbo, na sanduku, na kitanda cha bwenini, vyote kwa pamoja. Fundi majokofu akaacha kutafuta bisibisi.

"Muda unakwenda," wifi akasema, akatazama saa yake ya mkononi, kisha akainua macho kwenye saa ya ukutani, akakunja uso. "Na hiyo saa yenu mbovu. Inasema saa nne kamili."

Njiti akainua kichwa.

"Si mbovu, Shangazi," akasema. "Iko nyuma. Sisi tuliisukuma mbele ishirini na tano, Mama akairudisha arobaini. Kwa hiyo iko nyuma kumi na tano. Sasa ni saa nne na robo."

Alisema haraka, bila mate na bila tumbo, kama mtu anayeulizwa jina la mtaa wake. Mama Kengele alifumba macho. Siri yote ya nyumba, mbele ya mwalimu mkuu.

"Unakosea," wifi akasema, akionyesha mkono. "Yangu inasema saa nne na dakika ishirini na mbili."

"Basi yako iko mbele dakika saba," Njiti akasema. Akafikiri, akaongeza kwa heshima, "Ulisukuma wewe au kuna watoto?"

Wakili alikwisha kuinuka. Akavuta droo ya nyuzi, akatoa simu ya mama yake, akaiweka mezani mbele ya shangazi yake pasipo kusema kitu, kama anavyofanya mtu mwenye kielelezo. Saa nne na robo.

Fundi majokofu alimtazama dada yake kwa macho aliyokuwa nayo utotoni, ambayo dada yake hakuyaona kwa miaka mingi.

"Saba," akasema. "Tangu lini?"

Wifi akaivuta mikono ya blauzi. Akakohoa. Kisha, kwa sauti isiyofika mstari wa nyuma hata kidogo, akasema kwamba walimu wake huchelewa. Mtu akiwa na saa iliyo mbele, akasimama langoni nayo, wao hudhani wamechelewa hata kama hawajachelewa, na kesho yake huwahi. Ni miaka sasa. Asiambiwe mtu.

Mama Kengele alijaribu kujizuia. Alitafuta ukingo wa pazia autie mdomoni, bombani hapakuwa na pazia. Kicheko kikamtoka. Kikampata fundi majokofu pale mlangoni, kikawapata watoto, na mwisho kikampata mwenye saa, ambaye alicheka kwa kushika kofia kama mtu aliye kwenye upepo.

Alipopata pumzi, alimgeukia Njiti, akamwuliza ile ya tatu iliyokwama. Njiti akaijibu. Akamwuliza dakika saba kila siku kwa wiki ya kazi ni kiasi gani amewaibia walimu wake. Njiti akamwambia, na akamwuliza kama anafikiri kuwarudishia.

"Huyu akija bwenini kwangu," wifi akamwambia kaka yake, "ataniharibia shule." Akakitazama tena kile kipande cha ratiba, akisogea karibu, maana miwani yake aliiacha kwenye mkoba. "Hapa katikati pameandikwa nini?"

"Chai," Kitinda akasema toka juu ya robota. "Shangazi, kwa nini paka hukunja mkono akilala?"

Mama Kengele alikwenda kutia maji kwenye birika. Akiwa jikoni akasikia kengele ikilia sebuleni, ting, na sauti ya Kitinda ikimweleza mgeni kwamba siku hizi inamlilia Mama, akisahau kukaa. Akabeba birika, vikombe, na sukari, vyote kwa safari moja. Alipoingia, wifi alikuwa amevuta kigoda cha chini, kile cha mwenye nyumba, na saa yake ya mkononi ameivua. Ilikuwa mezani, kati ya chaki na mkasi, imelazwa kifudifudi, na Njiti alikuwa anaipigia hesabu.